Jinsi ya kupata idhini ya kuunganisha mfumo wa kompyuta wa jeshi la Marekani na mtandao

Vijana wengi wa Afrika Mashariki walioingia jeshi la Marekani, au walioajiriwa na kampuni zinazolihudumia, huangukia kwenye vitengo vya kompyuta. Siku moja mkuu wa kitengo anakuita: kuna mfumo mpya, unatakiwa uwe kwenye mtandao, shughulikia idhini yake. Kanuni zenyewe zimechapishwa wazi na yeyote anaweza kuzisoma, lakini zimeandikwa kwa lugha ya ofisi iliyojaa vifupisho, na mtu anaweza kuzisoma mwezi mzima asijue aanzie wapi. Mwongozo huu ni wa yule aliyepewa cheo cha ISSO, yaani ofisa wa usalama wa mfumo, akaambiwa aanze kazi. Vifupisho nimeviacha kama vinavyotamkwa kazini, kwa kuwa ndivyo utakavyovisikia kila siku.

Kabla ya yote shika jambo moja. Hakuna ofisi itakayokuandikia kwamba mfumo wako ni salama. Kinachotolewa ni sahihi ya mtu mmoja, mwenye jina na cheo, anayekubali kubeba hatari iliyobaki baada ya wewe kumaliza kazi yako. Mtu huyo anaitwa AO, ofisa mwidhinishaji; huwa ni jenerali au raia wa ngazi ya juu serikalini. Kila karatasi utakayoiandaa ni ya kumwonyesha yeye ukweli wa kile anachokitilia sahihi.

Idhini ni mbili

Hapa ndipo watu wengi hukwama. Idhini ya kwanza ni ATO, ya kuendesha mfumo, na hutolewa na AO wa tawi lako: jeshi la nchi kavu, la majini, la anga, au wakala unaoutumikia. Ya pili ni ATC, ya kuunganisha, na hutolewa na DISA, wakala wa mifumo ya habari ya ulinzi wenye makao makuu Fort Meade, Maryland. DISA ndiyo inayosimamia NIPRNet, mtandao wa habari zisizo za siri, na SIPRNet, mtandao wa habari za kiwango cha siri. Gari kupita ukaguzi ni jambo moja, na kufunguliwa geti la kambi ni jambo jingine. Unaweza kuwa na ATO mkononi na bado usiwe na haki ya kuchomeka kebo.

Sababu ya kuzitenganisha inaeleweka. AO wako anabeba hatari ya mfumo wako, lakini mtandao ni wa wote, na udhaifu wa kompyuta moja huwa wa kila aliyeungana nayo. Mwaka 2008 flashi moja ilichomekwa kwenye kompyuta ya kijeshi katika kambi ya Mashariki ya Kati. Programu hasidi iliyokuwa ndani yake, iliyojulikana kama agent.btz, ikasambaa hadi kwenye mifumo ya siri. Novemba mwaka huo Pentagon ilipiga marufuku flashi, na kazi ya kusafisha mifumo ikapewa jina la Buckshot Yankee. Aliyekuwa naibu waziri wa ulinzi, William Lynn, alilieleza tukio hilo hadharani mwaka 2010, na ndilo lililosukuma kuanzishwa kwa kamandi ya mtandao, Cyber Command. Ukichoka na fomu, kumbuka kwamba zipo kwa sababu ya siku kama hiyo.

Kwanza wewe mwenyewe

Mwenye green card anaweza kujiunga na jeshi, ila kibali cha usalama hutolewa kwa raia tu. Kwa hiyo kama uraia wako bado, fuatilia hilo kwanza, maana bila kibali huwezi kugusa SIPRNet, na kazi nyingi za kusimamia kompyuta zitabaki mbali nawe. Pili, kanuni za DoD (wizara ya ulinzi ya Marekani) namba 8140 zinadai kila mwenye kazi ya usalama wa mtandao awe na sifa zinazolingana na nafasi yake. Cheti cha Security+ cha CompTIA ndicho wengi huanza nacho. Tatu, omba akaunti ya eMASS mapema. Hii ni programu ya wavuti ambamo jalada lako lote la maombi litahifadhiwa, na bila akaunti utakuwa unaandika kwenye faili za pembeni ambazo baadaye itakubidi uzijaze upya.

Hatua ya 1: chora mpaka

Tuchukue mfano wa kubuni tuende nao. Kikosi kina mfumo wa kufuatilia vipuri vya magari: seva mbili, kompyuta kumi na mbili, swichi moja, fayawoli moja, printa, vyote ndani ya jengo moja kambini. Unatakiwa uunganishwe na NIPRNet ili uongee na mfumo mkuu wa ugavi.

Usifungue eMASS bado. Tembea na daftari uandike kila kifaa: aina, modeli, toleo la mfumo endeshi, anwani ya IP, nani anakisimamia, kiko chumba gani. Fuata kila kebo hadi mwisho wake kwa macho yako. Orodha uliyopewa na aliyekutangulia ichukue kama dokezo tu. Ni kawaida kukuta printa yenye Wi-Fi iliyosahaulika ikiwa imewashwa, au kompyuta iliyoletwa na fundi wa kampuni kwa muda ikabaki kuwa ya kudumu.

Kisha chora. Mchoro wa mtandao ndio utakaosomwa na kila mtu kuanzia mtathmini hadi DISA, na wengi watauangalia kabla ya kusoma neno hata moja ulilolitunga. Uwe na tarehe, alama ya kiwango cha usiri, kila kifaa na toleo lake, anwani za IP, mahali fayawoli na vifaa vya kugundua uvamizi vilipo, na kila njia inayotoka nje ya mfumo pamoja na inakokwenda. Weka mstari unaoonekana wazi: vilivyo ndani ya mstari ni vyako, AO atavibeba, vya nje ni vya mwingine. Kama huwezi kusema swichi fulani ni ya nani, huna mpaka. Tafuta jibu, na likiwa ni makubaliano kati ya ofisi mbili, yaandikwe na kutiwa sahihi.

Nasisitiza hatua hii kupita zote kwa kuwa makosa yake huzaa makosa mengine yote. Kifaa kilichosahaulika kwenye mchoro hakitaskaniwa, hakitapata masasisho, hakitaingia kwenye tathmini, na siku mtu akikitumia kuingia ndani hakuna atakayejua kilikuwepo.

Hatua ya 2: pima uzito wa habari

Mwongozo wa CNSSI 1253 unakutaka upime mambo matatu, kila moja peke yake: usiri, usahihi na upatikanaji. Kila moja hupewa daraja la chini, la kati au la juu. Idara za kiraia huchukua daraja kubwa kuliko yote na kulivika mfumo mzima. Wizara ya ulinzi haifanyi hivyo, inayaacha yakiwa matatu.

Kwa mfumo wetu wa vipuri, jiulize adui angefaidika na nini. Namba ya kipuri kimoja haina siri yoyote. Lakini orodha nzima ya magari yaliyolala gereji ikisubiri injini inaeleza kikosi kiko tayari kwa kiasi gani, na hilo halitakiwi kujulikana. Kwa hiyo usiri ni wa kati. Hesabu zikichakachuliwa, gari litakosa kipuri siku ya safari. Usahihi nao ni wa kati. Mfumo ukizimika siku nzima, ghala linaweza kuandika kwa karatasi. Upatikanaji ni wa chini. Andika hoja zako kwa namna hiyo, kwa maneno ya kazi ya kikosi. Usipandishe daraja kwa woga. Kila daraja unaloongeza linaleta vidhibiti, yaani hatua za ulinzi zinazodaiwa na kanuni, ambavyo mtu atalazimika kuvitunza miaka yote ya uhai wa mfumo, na visipotunzwa vinabaki kuwa vya karatasi tu.

Hatua ya 3: chagua vidhibiti, rithi vinavyorithika

Madaraja hayo matatu ndiyo yanayokupa orodha ya vidhibiti kutoka NIST SP 800-53, chapisho la taasisi ya viwango ya Marekani, ambalo toleo lake la tano la mwaka 2020 lina familia 20: nani aingie, kumbukumbu za matukio, mafunzo, ulinzi wa majengo, na mengineyo. Orodha itakuwa na mamia ya vipengele na itakutisha.

Sehemu kubwa si yako kuitekeleza. Geti, walinzi, kufuli za mlango na vizima moto vya jengo vinashughulikiwa na kambi. Kumbukumbu za wafanyakazi zina ofisi yake. Kama programu yako imewekwa kwenye wingu ambalo DISA imelipa idhini, ulinzi wa seva zenyewe unao mwenye wingu. Vidhibiti hivyo unavirithi ndani ya eMASS. Ila usirithi kwa kubofya tu. Soma mwenye nacho ameahidi nini hasa, kwa kuwa mara nyingi ahadi yake inakoma katikati: anakupa kufuli ya jengo, na kufuli ya chumba cha seva inabaki kwako.

Hatua ya 4: STIG na skani

Sasa fika kwenye mashine. STIG ni miongozo ya DISA ya kupanga kila bidhaa kwa usalama, na kuna ya Windows, ya Red Hat, ya vivinjari, ya hifadhidata, ya swichi na ruta. Mingi inapakuliwa bure na yeyote, kwa hiyo hata aliyeko Nairobi au Dodoma akitaka kujifunza namna ya kukaza seva anaweza kuitumia leo. Kila kasoro ina daraja: CAT I ni ile inayoweza kuleta madhara ya moja kwa moja na ya papo hapo, kisha CAT II na CAT III. Usiende kwa AO na CAT I iliyo wazi ukitarajia huruma. Hiyo ifunge kwanza.

Tumia SCAP Compliance Checker kukagua kile ambacho mashine inaweza kujikagua, halafu vilivyobaki vikague kwa mkono, kimoja kimoja. Baada ya hapo endesha skani ya udhaifu kwa ACAS, mkusanyiko wa programu uliojengwa juu ya Nessus ya Tenable. Hakikisha skani inaingia ndani ya kila kompyuta kwa akaunti yenye mamlaka ya kutosha. Skani isiyoingia inaona mlango wa nje tu, na ripoti yake huonekana safi kumbe haijagusa kitu. Angalia ripoti uone kuingia kulifanikiwa kwenye mashine zote, kisha linganisha idadi na ile ya daftari la hatua ya kwanza. Zikipishana, acha kila kitu utafute sababu.

Jaribu kila mpangilio kwenye mashine moja ya majaribio kabla ya kuueneza. STIG ikitekelezwa yote kwa mkupuo inaweza kuvunja programu ya ghala, na hapo watumiaji wataanza kuona usalama kuwa adui yao.

Hatua ya 5: andika POA&M ya kweli

Kasoro zote ulizoshindwa kuzifunga huingia kwenye POA&M, mpango wa marekebisho: kasoro ni ipi, ina uzito gani, nani atairekebisha, kwa rasilimali zipi, hatua za kati ni zipi, itakwisha lini, na kwa sasa umeweka kinga gani ya muda.

Hapa ndipo uaminifu wa ofisa hupimwa. Kuna shinikizo la kuandika kwamba kasoro "haihusiki", au kuweka tarehe unayojua haitatimia, ili jalada lipite. Waliotutangulia walisema mficha maradhi kilio humfichua. AO anaweza kukubali kasoro kubwa akielezwa vizuri na akaona kinga uliyoiweka. Asichoweza kukubali ni kugundua miezi sita baadaye kwamba alitia sahihi kitu asichokijua. Seva moja ya zamani isiyoweza kupokea masasisho mapya, iliyofungiwa nyuma ya fayawoli, inayoongea na mashine moja tu, ikiandikwa wazi na tarehe halisi ya kubadilishwa, ina utetezi. Seva hiyo hiyo ikifichwa haina.

Hatua ya 6: tathmini na sahihi

Mtathmini wa vidhibiti anayeitwa SCA atakuja na timu yake kuangalia kama ulichoandika ndicho kilichopo. Watahoji wasimamizi, wataomba kuonyeshwa kumbukumbu, watakagua mashine wenyewe. Waandae wenzako kujibu kwa ukweli, na anayeulizwa asilolijua aseme halijui, akalitafute.

Ripoti yake hupanda kwa AO pamoja na jalada. Uamuzi una sura nne. ATO kamili, kwa kawaida isiyozidi miaka mitatu. ATO yenye masharti, pale penye kasoro kubwa ambazo zinatakiwa kufungwa katika muda uliopangwa. IATT, ya majaribio tu, pale ambapo jaribio haliwezekani bila mazingira halisi. Na DATO, kukataliwa. Nakuomba usiitumie IATT kama njia ya mkato ya kuwasha mfumo wa kazi. Muda wake ni mfupi, unaisha, na kikosi kilichokwisha kuuzoea mfumo kitaachwa njiani.

Hatua ya 7: ombi kwa DISA

Ingawa nimeiweka ya saba, ianze siku ileile unayoanza kuchora mpaka. Laini yenyewe inatakiwa kuagizwa, na ikishatolewa hupewa namba ya utambulisho inayoitwa CCSD. Kuagiza, kupitisha kebo na kufunga vifaa huchukua miezi, na ATO yako itakuwa inahesabu siku zake ukiwa unasubiri fundi.

Ombi husajiliwa kwenye programu za wavuti za DISA: kwa NIPRNet ni SNAP, kwa SIPRNet ni SGS. Humo utaweka barua ya ATO, ripoti ya tathmini, POA&M, mchoro, na ridhaa ya kufuatiliwa, ambayo mkuu wako anakubali kwamba mfumo unaweza kuchunguzwa na kuskaniwa. Utahitaji pia kuonyesha ni kituo gani cha ulinzi wa mtandao, CSSP, kinachowatazama usiku na mchana, na kwamba poti na itifaki zote mnazotumia zimesajiliwa kwenye PPSM, daftari la wizara la poti na itifaki. Hizo mbili za mwisho ndizo zinazosahaulika. Makubaliano na CSSP yana gharama na yanahitaji bajeti. Na kama programu yako inatumia poti ya ajabu ajabu, mjadala wake unaweza kuchelewesha jalada zima. Tarehe kwenye nyaraka zote zilandane, jina la mfumo liwe lile lile kila mahali, na mchoro ulioweka SNAP uwe ndio huo huo ulio eMASS.

SIPRNet ina mzigo wake wa ziada. Chumba kinatakiwa kiwe kimeidhinishwa kutunza siri, kebo zake zitenganishwe na za mtandao wa kawaida au zipite ndani ya bomba lililolindwa, na habari zinazotoka nje ya eneo hilo zisimbwe kwa mashine zilizoidhinishwa na NSA, wakala wa usalama wa taifa, kama TACLANE. Mtu wa majengo na ofisa wa usalama wa kambi wawe mezani tangu kikao cha kwanza. Na kama kuna anayetaka data ivuke kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, hilo ni ombi jingine kabisa lenye vifaa vyake maalumu. Usilichanganye na hili.

DISA ikiridhika inatoa ATC, au IATC ya muda ikiwa kuna kilichobaki. Ndipo unachomeka kebo.

Hatua ya 8: baada ya kuunganishwa

Skani ziendelee kwa ratiba. Agizo la Cyber Command la kuziba udhaifu likija na tarehe, tarehe hiyo inakuhusu. POA&M isasishwe kila kasoro inapofungwa. Kifaa kipya kisiingie bila kupitia kamati ya mabadiliko na bila mchoro kubadilishwa siku hiyo hiyo. Tangu Machi 2024 ukaguzi wa zamani uliojulikana kama CCRI umepisha CORA, unaotilia mkazo zaidi hatari halisi na mipaka ya mtandao kuliko idadi ya vipengele vilivyotimizwa. Aliyefanya hatua ya kwanza vizuri hana sababu ya kuuogopa. Uhuishaji wa ATO uanze mwaka mmoja kabla haijaisha, kwa kuwa ATC hufa pamoja nayo.

Fahamu pia kwamba utaratibu wenyewe unabadilika. Ulikuwa DITSCAP mwaka 1997, ukawa DIACAP mwaka 2007, kisha RMF mwaka 2014, ambao ndio hatua za mwongozo huu zinaufuata. Septemba 2025 Pentagon ilitangaza muundo mpya, CSRMC, wenye awamu tano na unaotegemea zaidi ufuatiliaji wa kila wakati unaofanywa na programu kuliko majalada ya kila miaka mitatu. Kwa hiyo kabla hujaanza muulize ISSM wako, msimamizi aliye juu yako, tawi lenu kwa sasa linataka fomu zipi. Majina ya hatua yatabadilika; mpaka, skani, kasoro zilizoandikwa kwa ukweli na sahihi ya AO vitakuwepo.

Siku ya kuufunga mfumo

Siku moja mfumo wa vipuri utastaafu. Ijulishe DISA ili CCSD ifutwe, la sivyo laini itabaki hai na kikosi kitaendelea kuilipia. Ondoa mfumo kwenye PPSM na kwa CSSP, funga akaunti zote, na diski zifutwe au ziharibiwe kwa utaratibu wa kiwango cha usiri wake, kwa cheti chenye namba ya kila diski. Kisha katika eMASS badilisha hali ya mfumo iwe uliostaafu, uambatanishe vyeti hivyo.